Episodi ya dakika 27 inataka kuwa riwaya, haya, nani anasimulia?

Wiki kadhaa zilizopita vijana watatu wa Ngamiani, hapa Tanga, walinifata nyumbani na flashi moja na karatasi 26 zilizobanwa kwa pini. Kwenye flashi kuna episodi ya sayansi ya kubuni waliyoipiga wenyewe kwa simu, dakika 27, karibu yote ni usiku, za baharini wamepigia Sahare na za pangoni wamepigia Amboni. Zile karatasi ndio skripti. Wanataka riwaya. Hadithi fupi hawaitaki, wanataka kitabu cha kushika mkononi, na mkubwa wao akaniambia "kaka, hadithi tayari ipo, hapa ni kuiandika tu."

Hilo neno "kuiandika tu" limenikaa kichwani siku zote hizi, kwasababu nimelisikia kwa watu wengi, wanaoandika simulizi za mitandaoni wanalisema, waigizaji wanalisema, hata walimu wa Kiswahili nimewasikia. Yani watu wanaamini ukishakuwa na video basi kitabu ni kunakili, unasimamisha picha, unaandika ulichokiona, unaachia tena, unasimamisha, mpaka mwisho. Mi nasema hapana, na nasema kwa kuipenda kazi hii. Kugeuza episodi kuwa riwaya ni kuisimulia upya kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwepo pale, au ambaye hakuwepo kabisa (nitafika huko), na kama hujamjua huyo mtu ni nani basi usianze hata sentensi ya kwanza.

Niwape kisa chenyewe. Mzee mvuvi na mwanawe wa miaka 17 wanatoka usiku na ngalawa kwenda kutega jarife. Alfajiri wanavuta wavu, mzito, wanadhani papa, kinatoka kitu cha chuma, mviringo, ukubwa wa sufuria la pilau la shughuli, na kina joto japo kimetoka chini kwenye maji ya baridi. Mzee hataki maneno ya watu wa Deep Sea, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anakifunga nyuma ya baiskeli anakipeleka mpaka mapangoni Amboni anakificha. Kuanzia usiku ule simu za mtaa mzima zinaita saa 9 usiku, namba haionekani, ukipokea unasikia maji. Episodi inaisha pale kijana anapopokea simu akasikia sauti ya baba yake inamwita kwa jina lake la nyumbani, na baba yake huyo huyo amekaa mbele yake anakunywa chai. Giza. Itaendelea.

Mi nilisisimka mwili. Nimeirudia mara nyingi na bado pale mwisho nasisimka.

Sasa tuje kwenye hesabu. Skripti kwa kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo zile karatasi 26 zimekaa sawa na dakika zao 27. Nikahesabu maneno, yakatoka 4,300 na ushee. Riwaya hata iwe nyembamba vipi inataka kama 40,000. Kwa hiyo kuna maneno zaidi ya 35,000 ambayo kwenye skripti hayapo na kwenye video hayapo, yatoke wapi? Kijana aliyejaribu sura ya kwanza aliyatafuta kwenye mazungumzo, mzee aliyesema "Vuta" kwenye episodi, kwenye sura anasema "Vuta mwanangu kwa nguvu zako zote maana wavu huu leo ni mzito kuliko siku zote." Hakuna mvuvi anaongea hivo wavu ukiwa mkononi.

Alafu kuna macho. Kwenye ile sura ya kwanza nimehesabu watu wameangaliana mara 14, mzee akamwangalia mwanawe, mwanawe akamwangalia mzee, wote wakakiangalia kile kitu. Na nilimwelewa kabisa kwanini kaandika vile, kwasababu kwenye episodi ile sini ya ngalawani inabebwa na uso wa mzee, anayeigiza ni mvuvi kweli, mjomba wa mmoja wao, kamera inamsogelea usoni anakaa kimya kama sekunde tano na we mtazamaji unaona anaogopa na hataki mwanawe ajue. Ni sekunde tano za dhahabu. Ukiziandika "akamwangalia mwanawe" zimekufa hapo hapo, karatasi haina uso. Inabidi utafute kilichokuwa nyuma ya uso, na nyuma ya uso kuna mtu ana historia, pengine aliwahi kuvuta kitu kibaya zaidi kwenye wavu, pengine maiti, pengine ndio maana akahama kutoka Kigombe, hayo yote skripti haikuyasema kwasababu uso ulitosha. Maneno 35,000 yanaanzia hapo.

Huko Uingereza na Marekani hii kazi wameifanya miaka mingi na kuna vitu vya kujifunza kwao. Doctor Who, kipindi cha televisheni cha sayansi ya kubuni cha BBC, ilianza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka uliofata David Whitaker, ambaye ndiye alikuwa mhariri wa kwanza wa skripti za kipindi kile, akaandika riwaya kutoka kwenye hadithi ya Daleks, viumbe maadui wa kipindi kile, ya Terry Nation, iliyorushwa kwa episodi saba. Shida aliyokuwa nayo ni kwamba kwenye televisheni ile ilikuwa hadithi ya pili, watazamaji walishawajua wahusika, walishawaona wale walimu wawili Ian na Barbara wanamfatilia mwanafunzi wao mpaka kwenye yadi ya vyuma chakavu na kulikuta lile sanduku la polisi ambalo ndani ni kubwa kuliko nje. Msomaji wa kitabu hayo hana. Whitaker alifanyaje? Akautupa mwanzo wote wa televisheni, akaanza upya usiku wa ukungu kwenye uwanda wa Barnes Common, kuna ajali barabarani, na Ian anasimulia kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nilikuwa naendesha, mimi nikaona. Fikiria ujasiri huo, mtu aliyekuwa ndani ya kipindi chenyewe, anajua kila sini, anaamua tukio la mwanzo la kipindi lisiingie kitabuni. Lakini alichopata ni kikubwa, kwasababu Ian hajui kitu, na msomaji hajui kitu, wanaingia kwenye lile sanduku pamoja. Kamera ingekuonyesha tu ukubwa wa ndani ukashangaa sekunde mbili ukaendelea. Ian anabishana na macho yake mwenyewe, na ule ubishi ndio kitabu.

Kuna mwingine nampenda zaidi, Malcolm Hulke. Mwaka 1970 aliiandikia Doctor Who hiyo hiyo hadithi ya episodi saba kuhusu kituo cha utafiti wa nyuklia kilichojengwa karibu na mapango, na mle mapangoni kuna viumbe wa jamii ya mijusi wamelala mamilioni ya miaka, sasa wameamka na wanaidai dunia yao. Kwenye televisheni wale viumbe ni waigizaji ndani ya nguo za mpira, unajitahidi kuwaogopa. Ilipofika 1974 akaandika mwenyewe kitabu chake, na kitabu kinafunguliwa na mjusi. Ana jina, Okdel, tunamkuta enzi hizo za kale wakati watu wake wanaingia chini kujificha kwasababu kuna sayari ndogo inakuja angani, na binadamu kwa macho yake ni vinyama tu vyenye manyoya vinavyoharibu mazao. Ukifika sura za Doctor, stelingi wa kipindi, na wanajeshi ushakuwa upande wa mjusi nusu nzima. Hicho kitu televisheni haikukuwezesha kwa sababu ya mpira. Hulke hakuongeza mapigano wala mazungumzo, alihamisha tu mahali pa kusimama.

Na hapa mtu wa Tanga anaelewa haraka kuliko mtu yeyote, niamini. Sisi tuna silikanti. Wanasayansi walikuwa wanasema yule samaki kaisha duniani pamoja na madainosaria, miaka kama milioni 65 iliyopita, mpaka alipokamatwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938 dunia ikashangaa. Alafu kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, baadae na wa huku kwetu, wakaanza kumtoa kwenye jarife, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mvuvi wa kwanza hakujua anashika nini, kaona lisamaki la ajabu lina mapezi kama viguu. Sasa we niambie, ukitaka kuandika riwaya ya kitu cha kale au cha mbali kilichotoka kwenye wavu, unahitaji kwenda kuazima wapi? Wale vijana wenyewe walisema wazo lao lilitoka huko, lakini kwenye sura ya kwanza silikanti hayupo hata kwa kutajwa. Mzee mvuvi wa Tanga akivuta kitu asichokijua jambo la kwanza litakalomjia ni lile lisamaki na wale wataalamu waliokuja na kamera na makaratasi, na ndio maana anaficha! Anajua ukitoa kitu cha ajabu baharini watu wanakuja. Kwenye skripti kuficha kwake hakuna sababu, kwenye picha hukuulizia kwasababu mambo yanakwenda mbio, lakini msomaji anaweza kusimama, akaweka kitabu pajani, akajiuliza huyu mzee kaficha kwa nini, na akikosa jibu anakiacha hapo.

Hilo la msomaji kusimama ndilo linalobana zaidi kwenye sayansi. Episodi inaweza kukupa kitu kinang'aa ukaridhika. Riwaya haiwezi. Kile chuma kina joto, joto linatoka wapi, kimekaa chini ya maji muda gani bila kupoa? Simu zinaita, zinaitaje? Simu ya mkononi haiiti yenyewe, inaongea na mnara, kwa hiyo kile kitu lazima kiwe kinajifanya mnara, na kama kinajifanya mnara basi fundi simu wa mtaani ataona kitu, baa za mtandao zinajaa mahali ambapo siku zote hazijai. Nikawauliza, ndani ya pango kuna mtandao? Wakacheka, hamna, ukiingia tu mawe yale ya chokaa yanakata kila kitu. Nikawaambia basi mmekalia dhahabu, kijana aingie pangoni na simu yake, mtandao ukatike kama kawaida, azidi kwenda ndani, gizani, popo juu, alafu baa zirudi zote kwa pamoja. Hiyo sini kwenye episodi haipo. Imezaliwa kwasababu tulisimama tukauliza kitu kinafanyaje kazi, na ni ya kutisha kuliko zote walizopiga.

Kurefusha ni jambo jingine ambalo watu wanakosea. Alan Dean Foster alipewa episodi za katuni za Star Trek, kile kipindi cha Marekani cha safari za angani, zile ni fupi, hazifiki hata nusu saa, akatoa vitabu kumi kati ya 1974 na 1978. Vitabu vya mwanzo kila kimoja kiliunganisha episodi tatu, vya mwisho kikawa kitabu kizima kwa episodi moja, na alichofanya ni kuichukua episodi kama mwanzo tu alafu akatunga safari mpya inayoendelea pale ilipoishia. Ni njia halali na ina wasomaji wake. Mi kwa kisa kama hiki cha mzee na jarife siipendelei, kwasababu ukikimbilia safari mpya unaacha kuchimba hiyo uliyonayo, na ndani ya dakika 27 za hawa vijana kuna mambo hayajaguswa kabisa. Kabla yake James Blish alianza mwaka 1967 kuzigeuza episodi za Star Trek yenyewe kuwa hadithi fupi, kadhaa ndani ya kitabu kimoja, akifanya kazi kutoka kwenye skripti, kwa hiyo mashabiki walikuwa wanakuta vitu kitabuni havikurushwa hewani. Fupi, zinakwenda haraka, mambo ya ndani ya vichwa ni machache. Zilisomwa sana na sizidharau, lakini sio wanachotaka vijana wangu.

Alafu kuna Terrance Dicks, yeye aliandika zaidi ya vitabu 60 vya Doctor Who, na wasomaji wake wengi walikuwa watoto ambao hawakuwa na namna nyingine ya kurudia episodi. Video majumbani hazikuwepo, na BBC ilikuwa inafuta kanda ili itumie tena, kuna episodi nyingi za miaka ya 60 zimepotea mpaka leo. Kitabu ndio kilikuwa kumbukumbu. Sasa sikiliza alivyotatua tatizo la sauti, ile mashine ya Doctor ina mlio wake kila mtazamaji anaujua, Dicks akauandika kuwa ni mlio wa kuhema kwa tabu na kuguna, akaurudia hivo hivo kitabu baada ya kitabu, mpaka msomaji akiona yale maneno anausikia. Kwetu hilo lisitushangaze, mtu aliyelelewa na "Paukwa!" akaitikia "Pakawa!" anajua neno linalorudiwa linafungua mlango gani. Vijana wangu wana ule mlio wa maji kwenye simu. Wameuandika kwa namna nne tofauti ndani ya kurasa kumi, mara mchirizi, mara mvumo, mara kama mvua. Chagueni moja mkae nayo.

Lakini walimu wetu wa karibu zaidi hawako Uingereza. Wako vibanda umiza. Mi nimekulia humo, barabara ya 12, mabenchi, giza, joto, televisheni moja juu na kanda imetafsiriwa. Wanaojua wanamkumbuka Lufufu na wenzake, wale waliokuwa wanaingiza Kiswahili juu ya filamu za nje, sauti moja inacheza watu wote. Watu wanawaita watafsiri lakini tukae tukumbuke walichokuwa wanafanya kweli. Stelingi yuko kimya, kasimama dirishani, filamu yenyewe haina neno hata moja pale, mtafsiri anaingia, "hapa jamaa keshajua rafiki yake ndio kamchoma, lakini anasema ngoja nimwache kwanza nimwone mwisho wake." Yale hayakuwepo kwenye filamu! Ametazama uso akaandika kichwa. Kwenye filamu za roboti na vyombo vya angani ndio usiseme, mtu anashika mtambo usio na jina na mtafsiri anaupa jina na kazi yake na hatari yake kwa sentensi moja, na benchi zima linaelewa, tena kwa lugha ya nyumbani. Mtu aliyesikiliza kanda mia za namna ile ana shule ambayo haina cheti lakini ipo, na kinachoniumiza ni kwamba akikaa kuandika anaiacha mlangoni, anaanza kuandika kama ripoti ya polisi.

Na juu ya vibanda kuna mzee wetu mwenyewe. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, hapo hapo Tanga, mwaka 1909, na mwaka 1951 kikatoka Kusadikika, habari za nchi iliyo angani, na wajumbe wanaotumwa pande sita, mmoja mpaka mbinguni na mwingine ardhini. Ukiangalia kwa jicho la leo pale kuna safari za ulimwengu mwingine za kutosha kabisa. Lakini hakuziweka mfululizo kama mtu anayeonyesha picha, safari zote tunazisikia kutoka kwa Karama, na Karama yuko kizimbani, anashitakiwa, kila safari anayoisimulia ni utetezi wake. Sasa kila ajabu ya huko angani ina uzito mara mbili, ajabu yenyewe na shingo ya anayeisimulia. Nimewaambia vijana wakisome tena kwa swali hilo moja tu, kwanini Karama?

Sasa tukafika kwenye ugomvi, na tuligombana kweli, chai ikapoa. Kwao msimulizi ni kijana, yeye ndio stelingi, yeye kaenda baharini, kaingia pangoni, kapokea simu. Mmoja akasema mzee. Mi nikasema mama.

Wakaniangalia. Mama kwenye episodi ana sentensi mbili, yuko kwenye sini moja anakaanga mihogo, anasema "Mmechelewa" alafu anasema "Kaeni mle." Ngalawani hayupo, pangoni hayupo. Mkubwa wao akasema "kaka, mama hajaona chochote." Ndio maana! Mama hajaona chochote, na kila kitu kinarudi nyumbani kwake. Kinarudi kwenye nguo, shati la mwanawe lina kinyesi cha popo na jana alisema alikuwa mpirani. Baiskeli ina alama ya kuungua nyuma kwenye keria. Mume halali, anatoka uani saa 9 usiku na simu yake imezimwa kwenye kanga chini ya godoro na bado inaita. Mama anayaokota haya moja moja kama mtu anayechambua mchele, na msomaji anaokota naye, na hapo yale maneno 35,000 mwayapata bila kurefusha mazungumzo ya mtu yeyote. Na lingine, episodi yenu inaisha na sauti. Nani duniani anaijua sauti ya yule mzee kuliko mkewe? Kijana akisikia sauti ya baba yake kwenye simu anaweza kusema nimechanganyikiwa. Mama akimnyang'anya simu akaiweka sikioni, huyo habahatishi.

Wa tatu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akauliza basi pangoni tutaingiaje, maana ndio pazuri. Swali zuri na sikuwa na jibu la haraka. Tumekubaliana sura chache ziwe za kijana anamsimulia mama yake baadae, akiwa ameshabanwa, kwa hiyo pango tutaliona kupitia mtoto anayechagua amwambie mama nini na amfiche nini, na kuna mahali anadanganya na mama anajua anadanganya. Mi naona hapo pango linakuwa refu zaidi kuliko walivyolipiga, na wazee wetu washasema siku nyingi kwamba lile pango linatokea Mombasa, mama naye kayasikia hayo tangu utotoni, yatumike.

Jambo la haki nitalisema haraka. Hii episodi ni yao, hawana wa kumwomba, ila wako watatu, waandikishane sasa nani ana nini kabla kitabu hakijauzwa hata kimoja, na wakaisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wale wengine wanaochukua episodi za watu wa nje wakazigeuza simulizi na kuziuza kwa vocha, sheria ya hakimiliki ya 1999 inasema kuigeuza kazi ni haki ya mwenye kazi, kwa hiyo kama unajifunza jifunze, fanya mazoezi kwa episodi yoyote unayoipenda, nakushauri kabisa ufanye, lakini yabaki daftarini.

Jana usiku yule wa tatu, yule mkimya, akanitumia ukurasa wa kwanza mpya. Alikuwa ameandika kwenye simu, hana koma hata moja, nimemwekea chache tu. Unaanza hivi:

"Nimekaa na baba yenu miaka ishirini na mbili, namjua kwa kukohoa. Akirudi baharini na samaki anakohoa mara moja kabla hajapiga hodi. Akirudi mikono mitupu hakohoi, anasukuma mlango. Alfajiri ile nilikuwa nimeinama kwenye jiko naosha mihogo, nikasikia kakohoa mara mbili."